Vivumishi Chini ya Bati

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo kipindi cha tatu. Darasa la Kidato cha Pili B halina dari, kwa hiyo ikinyesha ni kama mtu anamwaga kokoto juu ya bati na hazimwishii. Nilikuwa nimeandika ubaoni aina za vivumishi vya Kiingereza, nikaanza na vile vya sifa: tall, black, clever. Wa mbele walisikia. Wa nyuma waliona mdomo wangu ukicheza tu. Nikapaza sauti, mvua nayo ikapaza. Kengele ilipogongwa koo lilikuwa linawaka.

Tangu mwenzangu ahamishiwe Musoma mwezi wa kwanza, Kiingereza cha shule nzima ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Koo.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu Bushiri anafundisha Kiswahili. Kwao ni Pangani, na miaka yote aliyokaa hapa Genkuru bado anatusikiliza kama mtu anayechambua mchele. Leo mwanafunzi kasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu kasema, "Mwarimu, samahani, nimecherewa." Bushiri akamweka palepale mpaka aseme mwalimu, aseme nimechelewa. Mtoto akarudia, akarudia, wenzake dirishani wanacheka.

Mimi ni Mkurya wa Itiryo. Nilikwenda chuo na ulimi huohuo na nikachekwa chuoni kwa ulimi huohuo. Nilitaka kumwambia aache. Lakini sauti ilikuwa imebaki kidogo na nilikuwa na vipindi viwili mbele, nikaona nisiimalizie kwake.

Jumanne, 11 Machi

Nimesahihisha sentensi zao mpaka macho yamechoka. Mokami, yule msichana mrefu wa dawati la mwisho, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, kaandika: My teacher is tiring. Nadhani alitaka kusema mwalimu wangu amechoka. Alichosema ni kwamba mwalimu wangu anachosha. Nikaandika tired pembeni kwa kalamu nyekundu, kisha nikakaa nikiitazama ile sentensi. Labda msichana alisema alichotaka kusema.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Sauti imekatika mara mbili katikati ya neno. Wanafunzi wakacheka, nami nikajitia kucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Leo vivumishi vya idadi na kiasi. Nikawaambia, ukisema I have few friends unalalamika, huna marafiki wa maana. Ukisema I have a few friends unashukuru, unao kadhaa.

Mokami akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo hako kaherufi kamoja ndiko kanamfanya mtu awe na marafiki?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa na jibu zuri kabisa. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikakohoa, nikajaribu tena. Ilitoka hewa tu, kama tairi la baiskeli. Wakadhani naigiza, wakazidi kucheka. Niliandika zoezi ubaoni nikatoka nje, nikasimama kibarazani na mvua ikinipiga miguu mpaka kengele.

Jumatano, 19 Machi

Hospitali ya Tarime wameniangalia kooni kwa tochi, wakaniandikia rufaa ya Mwanza.

Jumamosi, 22 Machi

Daktari wa Mwanza alipitisha kamera nyembamba puani ikashuka mpaka kooni. Mume wangu Joel alikaa pembeni kashika kofia yake kwa mikono miwili. Tukaonyeshwa kwenye kioo: nyuzi mbili za sauti, na kwenye moja kijinyama kimeota kama punje ya uwele.

"Hii ni sauti ya mtu anayepiga kelele kila siku," daktari akasema. "Unauza samaki?"

Joel akamjibu, "Ni mwalimu."

Nimeambiwa nisiongee wiki sita. Nisinong'one pia, kunong'ona ni kubaya kuliko kuongea. Kijinyama kinaweza kusinyaa chenyewe. Kisiposinyaa, kitakatwa. Nikipiga kelele kabla ya hapo, hakuna anayejua kitakachotokea. Joel akauliza kama ni saratani. Daktari akasema haoni dalili, lakini hakusema hapana.

Njiani kurudi Joel alinunua chungwa akalimenya, akanipa lote. Hatukuongea. Mimi nilikuwa na sababu. Yeye siku zote ndivyo alivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Mkuu wa shule, Mwalimu Winfrida, kasoma cheti cha daktari, kakikunja, kakisoma tena. "Kidato cha pili wana mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja," akasema. "Nimeomba mwalimu wilayani tangu Januari. Hayupo. Unataka nifanye nini, Scholastica?"

Sikutaka afanye chochote. Nilitaka aseme pole.

Akasema nitakaa darasani niandike ubaoni, na mtu mwingine awe mdomo wangu. Nani? Mwalimu Bushiri, ndiye mwenye nafasi saa hizo.

Joel alikuwa amenitengenezea kibao kidogo cha mbao, kakipaka rangi nyeusi. Nikaandika: Kiingereza chake ni kibovu. Winfrida akasoma akaniambia, "Na chako hakina sauti." Nilikasirika. Bushiri alikuwa amekaa pale pale, kasoma pia. Midomo yake ilikuwa imekauka, ni Ramadhani, amefunga.

Jumanne, 25 Machi

Kipindi cha kwanza na mdomo wa kuazima. Niliandika ubaoni, Bushiri akasoma, kisha akaeleza kwa namna yake. Ilikuwa lazima niandike upya nusu ya aliyosema.

Lakini jambo moja lilinishangaza. Alifika kwenye big cow na big cows, akasimama. "Ngojeni. Sisi tunasema gari kubwa, magari makubwa. Mti mkubwa, miti mikubwa. Kivumishi chetu kinavaa sare ya jina lake. Cha Waingereza hakivai. Ng'ombe mmoja big, zizi zima big." Akanigeukia. "Kweli, Mwalimu?" Nikatikisa kichwa ndiyo. "Basi lugha hii ina uvivu wake, na sisi tuufaidi. Andikeni: kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki."

Kisha akasoma mfano wake mwenyewe, kwa sauti kubwa: "This big cows are mine."

"These!" likasema darasa.

Akabaki na chaki hewani. Nikaandika ubaoni: this cow, these cows, that cow, those cows. Vioneshi vinabadilika. Nikamwangalia nikitaka kuona uso wake, maana huyu ndiye anayewaweka watoto mlangoni. Akajikuna shingo. "Nimekosea," akawaambia. "Futeni sentensi yangu ya mwanzo. Hivyo ndivyo vinavyobadilika." Mokami kutoka nyuma: "Mwalimu, rudia mpaka useme sawa." Nilidhani atamtoa nje. Akarudia. These, these, these. Kwa koo ambalo halijaonja maji tangu alfajiri.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Mimi kimya, yeye anapiga kelele. Sasa anajua.

Jumanne, 8 Aprili

Likizo fupi. Kupalilia mahindi. Tumbusi wamekaa juu ya mti wa jirani tangu asubuhi, kuna ndama amekufa kwao.

Jumapili, 13 Aprili

Joel ameanza kuongea. Sijui niandike vipi. Mtu aliyekuwa akirudi shambani anasema "nimerudi" basi, sasa anakaa jikoni wakati napika na anaongea. Ananieleza kuhusu ng'ombe mwekundu anayechechemea. Ananieleza kijana wa kaka yake anayetafuta kazi mgodini Kewanja. Leo akaniambia kwamba siku ile Mwanza, daktari aliposema haoni dalili bila kusema hapana, yeye hakusikia kitu kingine baada ya hapo, hata njia ya kurudi haikumbuki. Nilidhani siku ile alikuwa hajali. Nikaandika kwenye kibao: Kwa nini hukusema? Akajibu, "Ulikuwa unaongea wewe siku zote. Mimi nafasi yangu ilikuwa ya kusikiliza."

Jumatano, 23 Aprili

Bushiri huja na maswali kabla ya kipindi. Leo: kwa nini ni a big black cow, si a black big cow? Nikaandika kwamba ukubwa hutangulia rangi. "Kwa nini?" Nikaandika: Ndivyo wanavyosema. "Hilo si jibu, Mwalimu." Nikaandika: Sina jingine. Akacheka, akakaa, akanakili mpangilio wote kwenye karatasi: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi. Alikuwa ananakili kama mwanafunzi, ulimi nje kidogo.

Nikamwuliza kwa kibao kwa nini huwasumbua watoto kwa ile r na l. "Mke wangu Kauthar huniuliza hivyohivyo," akasema. "Nimekaa mbali na kwetu, na kile pekee nilichokuja nacho ni hiki Kiswahili. Nikikiacha kichakae nitakuwa sina kitu." Kisha akasema, "Lakini wanachekwa na wenzao. Sikuwa nimelitazama hivyo." Mke na watoto wako Pangani. Kila mwaka anaomba uhamisho, kila mwaka wanamnyima.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Wiki sita zinakaribia kwisha. Koo haliumi tena, lakini sitaongea mpaka daktari aniangalie tena.

Jumanne, 6 Mei

Naandika haya leo leo, maana nikiacha mpaka kesho nitaanza kuyabadilisha.

Walikuja wageni wawili wa ukaguzi. Hatukuwa na taarifa. Winfrida akawaingiza 2B, kipindi cha pili, wakakaa kwenye dawati la nyuma karibu na Mokami. Somo lilikuwa vivumishi vya mgawanyo, each, every, either, neither. Ubaoni kila kitu kilikuwa sawa, mkono ni wangu. Bushiri alisoma vizuri, akaeleza vizuri. Alisema every inaangalia kundi lote kwa pamoja, each inamshika mmoja mmoja bega. Nilifurahi. Ni maelezo mazuri kuliko yangu.

Mvua ikaanza. Mwanafunzi wa mbele akaomba mfano mwingine. Bushiri hakunitazama, alijiamini, akasema kwa sauti ya kupita mvua, "Each students have a book."

Mgeni mmoja, mwanamume wa miwani, akacheka. Hakutabasamu, alicheka. "Each students have?" Akasimama. "Mwalimu, wewe umesomea somo gani?"

"Kiswahili," Bushiri akajibu.

"Kiswahili! Mkuu, huyu ndiye mnamwekea watoto wa mtihani wa taifa? Basi afadhali mngewaacha wacheze mpira."

Wanafunzi kadhaa wakacheka kwa sababu mgeni kacheka. Nilichukua chaki nisahihishe, each student has, nikaanza kuandika, lakini hakuna aliyekuwa akitazama ubao. Wote walikuwa wakimtazama Bushiri. Mtu yule ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, alisimama na vumbi la chaki kwenye suruali, mdomo umefunguka kidogo, na hakusema kitu. Mgeni akaendelea, "Rudi kwenye Kiswahili chako, mzee."

Sijui niliamua lini. Nilijisikia tu nikisema, na haikuwa kusema, ilikuwa ni kupiga kelele juu ya mvua yote ile: "Anafundisha kwa sababu mimi siwezi! Kaa chini umsikilize!"

Kwenye "siwezi" kitu kilichanika. Nilikisikia kabla ya kukihisi. Maneno yaliyobaki yalitoka kama chuma kinaburuzwa. Kisha mdomoni nikaonja damu.

Darasa likanyamaza, hata mvua niliisikia upya. Mgeni bado kasimama. Winfrida akapita katikati ya madawati, akaniangalia usoni, akaona kitambaa changu chenye damu. Akawageukia wageni. "Mimi ndiye niliyempanga Mwalimu Bushiri kwenye darasa hili. Nimeomba mwalimu tangu Januari, nakala za barua ziko mezani kwangu. Kama kuna kosa, andikeni jina langu. Sasa tokeni, mwalimu wangu anatokwa damu." Aliyasema mbele ya wanafunzi, bila kupaza sauti. Wakatoka.

Bushiri alinishika mkono mpaka kibarazani. Alikuwa na hasira, lakini si kwa mgeni, kwangu. "Nani alikuomba? Nani alikuomba, Mwalimu? Wiki sita ulizokaa kimya zote, ndiyo unakuja kuzimwaga kwa ajili ya s moja? Mimi ningechekwa nikaenda zangu kula!" Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuwa na kibao. Nilikaa tu kwenye ukingo nikitema damu kwenye maji ya mvua, naye akabaki kasimama akinikinga kwa daftari la mahudhurio, mpaka Joel alipofika na pikipiki.

Jumatano, 7 Mei

Kimya.

Jumapili, 11 Mei

Mwanza. Kijinyama kilikuwa kimeanza kusinyaa, daktari kasema. Sasa kimepasuka na uzi wenyewe umechanika. Watakata Alhamisi. Joel akauliza sauti itarudi. "Atakuwa na sauti," daktari akasema. "Si ile." Sikulia. Nilichoka sana, nikalala benchini kichwa kwenye paja la Joel, watu wakipita.

Alhamisi, 15 Mei

Wamekata. Wiki mbili bila hata kukohoa kwa nguvu. Kijinyama kimepelekwa maabara.

Jumatatu, 19 Mei

Nyumbani. Majibu yametumwa kwa simu: si saratani. Joel alisoma ujumbe, akatoka nje, nikamsikia akiongea na ng'ombe.

Jumanne, 20 Mei

Bushiri kaja nyumbani jioni, kavaa kofia yake ya kazi nzuri ya uzi. Nikajua kuna jambo. Alimsalimu Joel, akauliza hali, akasifu mahindi, akasifu hata mbwa. Kisha akasema, "Nimepata uhamisho. Pangani. Natakiwa kuripoti tarehe moja."

Nikaandika Hongera. Ilikuwa kweli, na chini yake nilikuwa na hasira kama mtoto. Nikafuta, nikaandika: Na 2B?

"Nimewamalizia vivumishi vyote," akasema. "Vielezi sikuvifikia."

Hakuna aliyecheka. Akaangalia mikono yake. "Ningeweza kuomba wanisogezee mpaka mwisho wa muhula. Nilifikiria. Lakini mtoto wangu wa mwisho ananiita mjomba kwenye simu, Mwalimu. Ananiita mjomba."

Nikachukua kibao. Nikaandika: Nenda. Kisha, kwa sababu lilionekana kama neno la kumfukuza, nikaongeza: kaka yangu. Akasoma, akavua kofia.

Ijumaa, 23 Mei

Kaondoka na basi la asubuhi. Wanafunzi wa 2B walitoroka mstarini kwenda kumuaga, na Winfrida alijifanya haoni.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imepungua, inanyesha jioni tu. Winfrida anaingia 2B mwenyewe. Ni mtu wa Jiografia. Mifano yake yote ni hot, wet, dry. Nakaa naye, naandika. Leo katikati ya kipindi alinisogezea kiti bila kunitazama. Miaka mitatu nimekuwa nikisema huyu mwanamke ana moyo wa mawe, nimewaambia watu wengi, na sasa siwezi kuwaendea mmoja mmoja kuwaambia vingine.

Alhamisi, 29 Mei

Daktari kaniruhusu. "Sema kitu," akasema. Nikasema, "Asante." Nikageuka kuangalia nani kasema. Ni nzito, ina mkwaruzo, iko chini kabisa, kama mtu anayesukuma kabati. Joel akaangalia dirishani. Njiani alikaa kimya mpaka Bunda, halafu akasema, "Ukimwita mbwa na hiyo, atakimbia," nikampiga begani.

Daktari kasema nifundishe nusu ya vipindi, nisishindane na mvua kamwe. Winfrida ataihamishia 2B kwenye chumba cha maktaba, ambacho kina dari.

Jumamosi, 31 Mei

Jua tangu asubuhi. Nimeanika mahindi ya mwaka jana.

Saa nne simu ikalia. Namba ya Bushiri. Nikapokea, nikasema haloo.

"Shemeji!" akasema kwa furaha. "Shemeji Joel, habari za huko? Hebu nipe huyo mwalimu wako. Najua haruhusiwi kuongea, mweke tu simu sikioni, mimi nitaongea peke yangu."

"Ni mimi," nikasema.

Nilisikia watoto upande wake, na mtu anakwangua sufuria.

"Nani?"

"Scholastica."

Nikajiandaa kwa pole, na nilikuwa sitaki pole ya mtu yeyote. Nilikuwa nimezichoka.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Samahani. Nimekusalimia kama mwanamume."

Kikanitoka kicheko. Kiliuma na kilikuwa kibaya, kama mbuzi anakohoa, naye akakisikia akaanza kucheka pia, mpaka mtoto mmoja upande wake akauliza baba anacheka nini. Kasema baba. Nilimsikia.

"Sema tena," Bushiri akaniambia.

"Niseme nini?"

"Chochote. Niizoee."

Joel alikuwa mlangoni na gunia la mahindi begani, kasimama. Meza ilikuwa na zoezi la marudio nililowaandalia 2B kwa Jumatatu. Nikalivuta karibu, nikamsomea swali la kwanza, la pili, la tatu, naye ananijibu, mengine anapata, mengine anakosa, mpaka salio lake likaisha.